Kabla hujasambaza madodoso, watafute waliofunga biashara

Manzese, Dar es Salaam, kuna mtaa ambao ukipita alfajiri unakuta malori ya mahindi yamejipanga na vumbi jeupe la unga limetanda mpaka kwenye nyaya za umeme. Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili nilipanga chumba jirani na hapo. Mashine mbili za kukoboa na kusaga zilikuwa zinatazamana. Zote zilinunua mahindi ya Songea na Sumbawanga kwa madalali walewale, zote zilitoa sembe, na bei ya mfuko wa kilo 25 haikupishana. Moja ilikuwa inapakia mizigo mpaka usiku. Kwa jirani yake, saa nne asubuhi wapakiaji walikuwa wamekaa kivulini wanacheza bao.

Hilo ndilo lilikuwa swali langu la utafiti, na nilipita mbele yake kila siku kwa karibu mwaka mzima huku nikihangaika kutafuta mada maktaba.

Nawaandikia ninyi mnaoanza tasnifu kuhusu mikakati ya biashara na ushindani. Wanafunzi hunitumia mapendekezo yao niyasome, na mengi yana sura moja: "Athari za mikakati ya ushindani katika utendaji wa kampuni za..." halafu linafuata jina la sekta na jina la wilaya. Porter, msomi wa mikakati ya ushindani, yuko sura ya pili, na dodoso lenye kipimo cha Likert, yaani cha kujipa alama 1 hadi 5, liko kiambatisho cha kwanza. Siwalaumu, kwa sababu ndivyo tunavyofundishwa na nami niliandika hivyohivyo. Nataka tu mjue njia hiyo ilinifikisha wapi, ili msipoteze miezi niliyopoteza mimi.

Pendekezo langu lilipita bila shida. Nikagawa madodoso kwa wamiliki na wasimamizi wa mashine za Manzese, Tandale na Buguruni. "Biashara yetu inadhibiti gharama." "Bidhaa zetu ni tofauti na za washindani." Weka alama, 1 hadi 5. Yaliporudi, yalikuwa nne, tano, nne, tano. Mwenye malori foleni kaweka tano. Ambaye wapakiaji wake wanacheza bao naye kaweka tano. Msimamizi wangu alilisoma jedwali lile kimya mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kama wote wana mkakati uleule na wote wanaufuata kwa kiwango kilekile, kwa nini mmoja anapata na mwenzake hapati?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuja kukielewa baadaye ni kwamba mtu mzima ukimuuliza mbele ya vijana wake kama anadhibiti gharama, hawezi kukujibu hapana. Ni suala la heshima yake. Swali ambalo mtu mwenye heshima zake hawezi kulijibu "hapana" halikuletei habari yoyote. Tena kuna tatizo la pili, zito zaidi. Nilimuuliza mtu huyohuyo, kwenye karatasi ileile, kuhusu mkakati wake na kuhusu mafanikio yake. Aliyeamka vizuri siku hiyo alijipa alama za juu kote kuwili, aliyeamka na kero akajipa za chini kote kuwili. Uhusiano niliouona kwenye kompyuta, na nikaufurahia sana, ulikuwa uhusiano kati ya hali ya moyo ya mtu asubuhi ile na hali ya moyo ya mtu huyohuyo dakika tano baadaye. Ukitaka kupima mkakati kwa mmiliki, pima mafanikio kwa chanzo kingine.

Msimamizi akanirudisha kwenye maandiko, akasisitiza niyasome yenyewe, nisitegemee muhtasari wa darasani. Huo ulikuwa ushauri bora kuliko wote niliowahi kupewa, kwa hiyo naupitisha kwenu. Michael Porter alichapisha makala yake ya nguvu tano mwaka 1979, na ukiisoma pole pole unaona anajibu swali gani. Alitoka kwenye mkondo wa wachumi wa viwanda wa Harvard, wakina Edward Mason na Joe Bain, ambao waliuliza kwa nini sekta fulani zinapata faida kubwa miaka nenda rudi na nyingine zinahangaika. Nguvu zenyewe ni ushindani kati ya waliopo, tishio la wanaotaka kuingia, nguvu ya wauzaji wa malighafi, nguvu ya wanunuzi, na bidhaa mbadala. Ukizipeleka Manzese zinasema kweli tupu: mwenye mtaji wa mashine na motor anaweza kuingia kesho, madalali wa mahindi ndio wanaopanga bei, mwenye duka anaweza kuhamia mashine ya pili kwa kuvuka barabara, na mchele ukishuka bei sembe inadorora. Ndiyo maana biashara ya kusaga ni ngumu kwa kila aliyemo.

Lakini ndiyo ngumu kwa kila aliyemo. Mashine mbili zinazotazamana zinapigwa na nguvu tano zilezile. Nadharia inayoeleza ugumu wa sekta haiwezi peke yake kueleza kwa nini huyu anapakia usiku na yule amekaa. Nilikuwa nimeliomba shoka linishonee nguo.

Na wasomi wenyewe wamebishana juu ya jambo hili kwa takwimu, jambo ambalo katika darasa letu halikuguswa. Mwaka 1985 Richard Schmalensee alichukua takwimu za viwanda vya Marekani za mwaka 1975 na kuonyesha kwamba sekta ina uzito mkubwa katika kueleza tofauti za faida. Mwaka 1991 Richard Rumelt akatumia takwimu za miaka minne, 1974 hadi 1977, zilizokusanywa na chombo cha serikali kilekile kilichokusanya zile za Schmalensee. Miaka minne ilimwezesha kutenganisha kinachodumu na cha mpito. Akakuta sekta, pamoja na kupanda na kushuka kwake mwaka hadi mwaka, inaeleza takriban asilimia 16 tu ya tofauti, na kinachohusu kitengo chenyewe cha biashara, ndani ya sekta ileile, kinaeleza takriban asilimia 46. Porter naye alirudi na Anita McGahan mwaka 1997, wakachukua kampuni za Marekani za kuanzia 1981 na kutazama pia sekta zisizo za viwanda, wakapata asilimia 19 kwa sekta na 32 kwa biashara yenyewe. Mjadala haukuishia hapo, lakini Rumelt na Porter wote wawili walikuta kwamba tofauti kati ya majirani wa sekta moja ni kubwa. Niliposoma Rumelt usiku ule nilitoka nje nikasimama kizingitini, nikaziangalia zile mashine mbili. Nilihisi kama mtu ameniandikia barua.

Sasa tofauti hiyo inatoka wapi? Hapa kuna ukoo mwingine wa fikra. Edith Penrose, mwaka 1959, aliitazama kampuni kama mkusanyiko wa rasilimali na watu waliojifunza kuzitumia pamoja. Birger Wernerfelt akaliendeleza wazo hilo mwaka 1984, na Jay Barney mwaka 1991 akaweka masharti ambayo mnayakariri kwa ajili ya mtihani: rasilimali iwe na thamani, iwe adimu, iwe ngumu kuigwa, na isiwe na mbadala. Masharti ni mazuri. Hatari yake ni kwamba mwanafunzi humwangalia aliyefanikiwa, akachukua chochote alicho nacho akakiita rasilimali ya thamani, kisha akasema amefanikiwa kwa sababu anayo. Huko ni kuzunguka mti. Richard Priem na John Butler walilisema hilo waziwazi mwaka 2001. Dawa yake ni kueleza rasilimali kwanza, kwa sifa unazoweza kuzikagua mwenyewe, kabla hujajua nani ana faida na nani hana.

Niliacha madodoso, nikaanza kukaa. Barua ya chuo na ya mtendaji wa kata mfukoni, nilikaa kwenye mashine kadhaa kwa wiki kadhaa, kuanzia kuloweka mahindi mpaka kushona mifuko. Nikaona kitu ambacho hakikuwa kwenye dodoso langu hata kwa sentensi moja: mali kauli. Mwenye mashine anampa mwenye duka mifuko kumi leo, analipwa mzigo ukiisha. Hakuna mkataba, hakuna dhamana, ni kauli tu na daftari. Waliokuwa wanapakia usiku walitoa mali kauli kwa wingi. Waliotaka fedha taslimu walikuwa wanaenda taratibu. Nikaona nimepata. Nikaandika sura nzima: anayetoa mali kauli kwa ujasiri anashinda. Hitimisho lilikuwa limenyooka na mahojiano yalikuwa yanaliunga mkono.

Aliyenisimamisha ni fundi. Ni mzee anayezunguka mashine zote kubadilisha mikanda na kunoa mawe, na nilikuwa nimemsimulia matokeo yangu kwa furaha. Akaniuliza, "Mwanangu, umezungumza na waliouza motor?" Sikumwelewa. Akaanza kuwataja kwa vidole: pale penye stoo ya mbao palikuwa na mashine, pale penye saluni palikuwa na mashine, ile nyumba yenye geti la bluu ilikuwa na mashine mbili. "Motor zao nimezifungua mimi, na zimenunuliwa na haohao unaowahoji."

Ilinichukua zaidi ya mwezi kuwapata baadhi yao. Mmoja alikuwa amerudi Iringa, mwingine anauza mitumba Karume, mama mmoja alikuwa amebaki kwenye nyumba yake akipangisha fremu. Wale waliofunga walikuwa wametoa mali kauli kwa ujasiri kuliko hata wanaopakia usiku. Mama yule alinitolea daftari lake lenye majina ya maduka kutoka Mbagala mpaka Tegeta, mengi hayajakatwa mstari mpaka leo.

Kaa hapo kidogo, ndugu yangu, maana kiini cha ushauri wangu ni hapo. Kutoa mali kauli sana kulikuwa kunampeleka mtu juu sana au chini kabisa. Waliokwenda chini walitoka mtaani. Mimi nilifika na dodoso langu baada ya wao kutoka, nikawakuta waliobaki, na kati ya waliobaki wenye ujasiri ndio waliokuwa juu. Kila nilichoandika kuhusu waliobaki kilikuwa kweli, na ushauri uliotoka humo ungemfilisi mtu. Mwaka 2003 Jerker Denrell alilieleza jambo hili kwa hesabu katika jarida la Organization Science: tabia ya hatari, hata kama haina faida yoyote kwa wastani, itaonekana kuwa siri ya mafanikio iwapo tunaowatazama ni wale tu walionusurika. Ningekuwa nimemsoma mapema ningeokoa sura nzima. Lakini nadhani nisingemwelewa kama nisingeliona daftari la mama yule.

Baada ya hapo swali likabadilika likawa zuri zaidi. Kati ya waliotoa mali kauli kwa wingi, nini kiliwatenganisha waliobaki na waliotoka? Nilichokiona kwa hao wachache niliowafuatilia ni mtu anayejua tabia za wenye maduka. Kwenye mashine iliyopakia usiku kulikuwa na dada wa mauzo aliyezunguka kwa daladala miaka mingi. Alijua duka gani linabadilisha mwenyewe kila baada ya miezi sita, nani analipa Ijumaa, nani akisema "kesho" anamaanisha mwezi ujao. Ujuzi huo huwezi kuununua kwa wiki moja hata ukiwa na fedha. Ingemar Dierickx na Karel Cool waliandika mwaka 1989 kwamba baadhi ya mali za kampuni hulimbikizwa kwa muda tu, na anayejaribu kuziharakisha hulipa zaidi na kupata pungufu. Sasa nilikuwa na rasilimali niliyoweza kuieleza bila kutaja faida: miaka mingapi mtu huyuhuyu amezunguka njia hiyohiyo ya maduka. Hilo unaweza kulihesabu kwa waliobaki na kwa waliofunga pia, na hapo unaacha kuzunguka mti.

Kuwatafuta waliofunga hakuhitaji fedha nyingi, kunahitaji kujua nani anawajua. Mafundi kwanza, kwa sababu vifaa vilivyotumika hupita mikononi mwao. Kisha wenye nyumba, ambao wanakumbuka kila mpangaji aliyeondoka na kodi yao. Kisha orodha za zamani za leseni za biashara. Linganisha orodha ya miaka mitano iliyopita na ya sasa, majina yaliyokosekana ndiyo kazi yako. Usiwafuate kwa maneno ya kushindwa. Usiseme "nataka kujua kwa nini biashara yako ilianguka." Sema unataka kujua biashara ilivyokuwa. Wengi hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote, na watakueleza zaidi ya unavyoweza kuandika. Na anayekataa, mwache na amani yake.

Kuhusu faida, wengi mtakwama kama nilivyokwama. Mwenye biashara ndogo hajui faida yake kwa shilingi, au anaijua na anakuogopa, maana mtu mwenye karatasi anafanana na mtu wa kodi. Kuna utafiti wa Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff uliofanyika Sri Lanka na kuchapishwa 2009. Walikuta wenye biashara ndogo hupunguza mapato yao kwa takriban asilimia 30 wanapoyataja, na kwamba kuuliza faida moja kwa moja huleta jibu zuri kuliko kumhoji mtu mapato na matumizi kisha utoe mwenyewe. Mimi niliongeza vitu vinavyoonekana: mifuko mitupu anayonunua kwa mwezi, uniti za umeme, idadi ya magunia ya pumba anayouzia wafugaji. Mtu anaweza kuficha fedha. Pumba haifichiki.

Kama sekta yako ni ya kampuni kubwa, dodoso ndiyo njia dhaifu kuliko zote, kwa sababu mkurugenzi atamwachia karatasi yako ofisa wa mapokezi. Kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam hutoa taarifa za mwaka, na zilizoondoka au kubadilisha wamiliki zimeacha nyayo. Shauri la ununuzi wa hisa za Tanga Cement, lililoanza 2021 na kupita Tume ya Ushindani na Baraza la Ushindani, liliwafanya watu wabishane hadharani juu ya mpaka wa soko la saruji ni upi na nani anashindana na nani. Au linganisha nchi mbili. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na soko likabaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa Safaricom. Vodacom iliileta Tanzania 2008, na hapa wapinzani wakaligawana. Jina moja, huduma moja, nchi jirani, matokeo mawili. Tasnifu ya uzamivu iko humo na bado kuna nafasi.

Someni pia tafiti zilizofanyika kwetu kwa majaribio halisi. Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson walifanya kazi Dandora, Nairobi, na wanawake wenye biashara ndogo. Baadhi walipelekwa darasani, baadhi wakaunganishwa na mwanamke mwenye uzoefu wa eneo hilohilo, wengine wakaachwa bila kitu ili walinganishwe. Kwa matokeo waliyochapisha 2018, waliopata mwenyeji wa kuwashauri walipata faida zaidi kwa wastani wa asilimia 20, na darasa halikuongeza faida. Kilichosaidia zaidi kilikuwa habari za papo kwa papo, kama vile wapi pa kununua mzigo kwa bei nafuu, na nafuu ilififia pale walipoacha kukutana. Nilikumbuka dada wa mauzo na daladala zake.

Jambo la mwisho ni kosa langu. Tasnifu ilipokubaliwa niliandika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, bila majina, nikawapelekea walionisaidia. Mama wa fremu aliusoma wote, miwani puani, akarudia aya moja mara mbili. Nilikuwa nimeandika kwamba miongoni mwa waliofunga, madeni ya mali kauli yasiyolipwa ndiyo yaliyomaliza mtaji. Akaniambia, "Baba, mimi si hivyo. Hawa wa Mbagala walikuwa wanalipa, taratibu lakini wanalipa. Mume wangu aliumwa, nikawa nashinda hospitali, na hakuna mwingine aliyekuwa anajua njia ile. Walionidai mahindi hawakuweza kunisubiri." Daftari niliyoiona ikiwa na majina yasiyokatwa ilikuwa ya miezi ile aliyokuwa wodini.

Aliyoniambia yalikuwa yanaunga mkono hoja yangu ya njia ya maduka kuliko nilivyoandika mwenyewe, na yalikuwa yanamwondolea lawama. Lakini nakala zilikuwa zimeshafungwa kwa jalada gumu na moja ilikuwa maktaba. Pelekeni rasimu kwa watu mnaowaandika wiki tatu kabla ya kukabidhi, mkae nao, msome kwa sauti, na muwe na kalamu.